Harusi ya Rubani na Nywele Zangu

Jumatatu, 3 Machi
Kampuni ya filamu za mtandaoni imepandisha ada. Mara ya tatu ndani ya mwaka! Eti hali ya uchumi imebadilika. Na yangu je? Mimi fundi cherehani, nikiongeza bei ya kupunguza suruali, wateja wananitolea macho. Nimejitoa. Nyumbani nimechomoa waya, nikasema runinga imeungua. Tatizo ni mama mkwe. Amevunjika mguu, yuko kwetu, na furaha yake ni moja tu: tamthilia ya muuguzi na rubani. Mke wangu ameapa kwamba mama akiikosa harusi yao Jumapili, nitahamia karakana nikalale na cherehani.

Jumanne, 4 Machi
Akili ni nywele! Kinyozi wa jirani bado analipia. Atanisimulia kila sehemu, nami nimsimulie mama mkwe. Ila yule bwana hafungui mdomo mpaka ukae kwenye kiti chake. Nimenyoa. Mama mkwe kafurahi, akasifu habari na kichwa.

Alhamisi, 6 Machi
Nywele ziliisha jana. Leo ndevu. Nimeshamlipa kinyozi zaidi ya ada ya mwezi mzima! Halafu akaanza kuziangalia nyusi zangu. Nikatoka mbio na shuka lake shingoni.

Ijumaa, 7 Machi
Leo nimetunga mwenyewe. Kwa hasira nimeiangusha ndege ya rubani. Sikujua ingemuumiza hivyo! Mama mkwe kalia mpaka akatupa mkongojo. Chakula hakuna aliyekigusa.

Jumamosi, 8 Machi
Muuza mboga alikuja kumjulia hali mgonjwa. Akaambiwa msiba wa rubani. Akashangaa: rubani gani? Jana tu kapimwa suti ya harusi! Akachomeka waya. Runinga ikawaka, ikaandika wazi kwamba nilijitoa mwenyewe tarehe tatu. Ardhi ipasuke! Nikaanza kufungasha. Mama mkwe akaniita. Akasema mimi ni mwongo wa kutupwa, lakini waongo wa kwenye runinga hawajawahi kumliza hivyo. Akaniamuru nimfufue rubani mara moja. Nikasema alinasa juu ya mti, nikamshusha akiwa na mchubuko mmoja.

Jumapili, 9 Machi
Harusi nimeifungisha mimi, chumbani kwa mama mkwe! Majirani kumi na wawili, wengine dirishani. Kiingilio kidogo tu. Muuza mboga kapiga vigelegele. Kinyozi kafunga duka akaja, akalia kwenye shuka lake. Mke wangu kacheka mpaka akakaa chini, akanishika mkono. Nina furaha, jamani! Karakana nitaiona asubuhi tu, kwa kazi.

Jumatatu, 10 Machi
Nimebandika tangazo mlangoni: kuanzia leo kiingilio ni mara mbili, kwa sababu hali ya uchumi imebadilika.
Saa kumi, chumba kitupu. Wote wako kwa kinyozi wanatazama runinga yake. Hata mama mkwe kaenda, na mkongojo wake, akichechemea kwa kasi ya ajabu.
Nimewaza sana. Kosa nimeliona: bei ilikuwa ya chini mno, watu wakadharau. Kesho napandisha tena.