Hotuba ya Kuzindua Giza Ndani ya Gari-Nyumba la Muuguzi

Ndugu wananchi wa kisiwa cha Lundvær, kabla sijawatambua waheshimiwa waliohudhuria, naomba kwa unyenyekevu, ambao ninao mwingi kuliko mtu yeyote hapa, nijitambue kwanza mimi mwenyewe, kwa kuwa kiitifaki mimi Mwenyekiti Hallgeir Brattbakk ni wa tatu kwa ukubwa katika kisiwa hiki, wa kwanza akiwa meya, ambaye yuko bara anatibiwa goti, na wa pili ikiwa ni feri. (Kicheko. Mwenyekiti anakipokea kama makofi.)

Mheshimiwa Mchungaji, uliyetuma salamu badala ya kuja. Mheshimiwa Mkuu wa Bandari, ambaye pia ni Mkuu wa Posta na ndiye mwenye ufunguo wa pampu ya mafuta. Mama Oddlaug, mlezi wa kudumu wa chuma cha kuchomea vafeli, zile keki bapa zetu za miraba. Mzee Torleif, fundi mstaafu wa boti za uvuvi. Dada yangu Gudny, uliyenikataza nisikutaje. Wajumbe wote watatu wa Kamati ya Giza, ambao wawili kati yao ni mimi. Na wewe mgeni rasmi, mpwa wangu Ragnfrid, muuguzi pekee na mkunga pekee wa kisiwa hiki, uliyetoka zamu asubuhi hii na sasa umeketi humo ndani ya gari mlango ukiwa wazi: itifaki imezingatiwa, na iliyobaki tumeiweka akiba.

Ndugu wananchi, tumekusanyika hapa gatini, Jumamosi hii saa sita mchana, kuzindua Mradi Mkakati Shirikishi wa Upatikanaji Endelevu wa Giza Majira ya Kiangazi, ambao kwa lugha ya watu wa kawaida, yaani ninyi, ni kuweka tinti kwenye vioo saba vya gari-nyumba hili la mwaka 1979, mali ya kisiwa, lenye rangi ya maziwa na mstari wa kahawia ubavuni, ambalo kamati yangu ilimkabidhi muuguzi awe analala humo baada ya kuta za nyumba yake ya kazi kuota kuvu. Sasa, kama mnavyofahamu, na kama hamfahamu nawafahamisha, jua letu huku kaskazini mwa dunia halijazama tangu mwisho wa Mei na halina mpango huo hadi katikati ya Julai, kwa hiyo muuguzi akitoka zamu ya usiku anakuta jua, akipewa mapumziko alale usiku kama binadamu wengine jua liko palepale, limekaa dirishani linamchungulia kama jirani asiye na kazi.

("Mjomba," anasema Ragnfrid kutoka ndani, "wiki ya tatu hii sijapata usingizi wa maana. Jana nusura nimchome Mzee Torleif sindano ya mtu mwingine. Nimeshakata tiketi ya feri ya Jumatatu. Kama leo silali, naondoka, na sirudi tena." Synnøve, mwenye mimba ya miezi minane na nusu, anatafuta kiti.)

Nakushukuru mpwa wangu kwa maoni hayo ya mdau, yamepokelewa na yatafanyiwa kazi. Mmesikia wenyewe, ndugu wananchi! Hili si jambo dogo! Muuguzi akiondoka, mtoto wa Synnøve itabidi azaliwe ndani ya feri, na feri yetu, nasema kwa heshima zote kwa kuwa imenizidi cheo, haijafika kwa wakati tangu mimi nilipoota ndevu, isipokuwa siku moja tu, ambayo sitaki kuizungumzia.

Lakini msiwe na hofu, kwa sababu mko na mimi, na masuala ya mwanga mimi nimeyaanza zamani. Nani asiyekumbuka mwaka ule taa ya mnara ilipozimika katikati ya dhoruba, nikapanda ngazi mia na arobaini, nikasimama juu kule na tochi mdomoni siku nne mfululizo bila kula, kwa kuwa mdomo ulikuwa na shughuli, meli sabini na mbili zikapita salama, na moja ikapiga honi kunishukuru? ("Mara ya mwisho zilikuwa arobaini," anasema Torleif.) Takwimu zimehuishwa, Mzee Torleif. Na wapo wanaonong'ona kwamba Hallgeir hakukaa sana shuleni. Ni kweli, sikukaa. Mwalimu aliona namzidi, akaniomba kwa upole niende baharini ili na yeye apate kufundisha.

Kwa muktadha huo, kamati ilifanya vikao kumi na tisa, na katika upembuzi yakinifu nilijitolea mwili wangu mwenyewe, nikalala ndani ya gari hili dakika kumi nikiwa nimefumba macho yote mawili, nikathibitisha kitaalamu kwamba jua lipo, ambapo asilimia sitini na nne ya mwanga huingia kwa vioo, asilimia hamsini na moja kwa mlango, na asilimia nyingine tunaendelea kuitafuta. Baada ya hapo niliagiza tinti bora, nyeusi, bunda zima, ikaja na feri, na Jumanne nikaitisha msaragambo. Niliita watu kumi na mmoja, wakaja thelathini, sijui ni uzalendo au ni vafeli za Mama Oddlaug. ("Ni jibini ya kahawia," sauti kutoka nyuma. Makofi kwa Mama Oddlaug, marefu kuliko yote yaliyotangulia.) Na baada ya kula, kama mnavyokumbuka, niliwarudisha wote nyumbani.

("Hilo ndilo silielewi," anasema Torleif. "Tulikuja na ngazi, na ndoo, na vitambaa. Mtu gani anaita msaragambo halafu anawafukuza watu? Mimi nimeweka vioo kwenye boti miaka thelathini!")

Mzee Torleif, kazi ya kitaalamu haitaki mikono mingi. Nilibaki peke yangu, nikavua saa, nikaosha vioo, nikachanganya maji na sabuni kwenye chupa ya kupulizia, nikakata kwa wembe, nikabandua, nikabandika, nikasukuma mapovu ya hewa kwa kipande cha mpira hadi povu la mwisho likaniomba msamaha, kioo baada ya kioo, siku mbili nzima, na hata taka nilizitenga kama raia mwema, boksi kwa maboksi, plastiki kwa plastiki, mifuko nikaifunga kwa kamba, nikaipeleka feri mwenyewe iende jalala la bara. Leo basi natangaza mbele yenu kwamba utekelezaji umefikia asilimia mia moja na kumi na mbili!

("Hallgeir," anasema Torleif, "mbona nahesabu vifungo vya shati la mpwa wako kupitia kioo?" "Hata mimi namwona," anasema Synnøve. "Anakuna sikio.")

Swali zuri sana. Mnachokiona, au msichokiona, ni Awamu ya Kwanza, inayoitwa Giza Angavu. Giza la kisasa haliingii kwa fujo kama giza la zamani. Linazoea mazingira kwanza. ("Giza angavu!" Kicheko kirefu. Torleif anakwenda kwenye kioo cha ubavuni, anagusa pembe kwa ukucha. Karatasi nzima inateleza na kuanguka juu ya kiatu chake, nyepesi, haina gundi, na nyeupe kama maji ya bomba.) Huo ni ukaguzi usioidhinishwa! Naomba uingizwe kwenye kumbukumbu za kikao kama hujuma! Na nyie wengine msiguse! (Wanagusa. Zinaanguka nyingine tatu.)

Ndugu wananchi, tusikwame kwenye mambo madogomadogo kama kioo. Tutazame mbele. Awamu ya Pili itatia giza nyumba zote za kisiwa, Awamu ya Tatu kanisa, Awamu ya Nne kondoo, ambao nao utafiti unaonyesha wamechoka, na katika Awamu ya Tano tutakuwa na ziada ya giza tutakayoihifadhi vizuri na kuisambaza visiwa jirani kupitia mfumo jumuishi wa usambazaji, chini ya kamati ndogo itakayoripoti kwa kamati kubwa, ambayo mwenyekiti wake, kwa bahati nzuri, wote mnamjua, na ambaye hajawahi hata siku moja...

("Hallgeir," anasema Oddlaug kwa sauti ndogo. "Amelala.")

Nani amelala? Nani anathubutu kulala kwenye hotuba ya...

("Ragnfrid. Tazama." Watu wote wanageuka. Muuguzi ameweka kichwa juu ya meza ya kukunja, mdomo wazi, jua limemjaa usoni. Mwenyekiti ananyamaza. Ragnfrid anafumbua jicho moja.)

("Endelea!" Gudny anamnong'oneza kaka yake huku amemshika mkono wa koti. "Ukinyamaza anaamka. Sema." "Niseme nini?" "Kitu chochote. Zile asilimia!")

Ndiyo, kama nilivyosema, asilimia, zipo nyingi, zipo za kila aina, na kamati inazithamini zote bila ubaguzi. (Jicho linafumba.) Katika kikao cha kwanza tulipitia ajenda. Katika kikao cha pili tulipitia yaliyotokana na kikao cha kwanza. (Oddlaug anaondoa vafeli na kukung'uta kitambaa cha meza. Torleif anavua koti lake la mpira la kuvulia samaki na kuziba nalo kioo cha mbele, mikono miwili ya koti imebanwa na milango.) Katika kikao cha tatu hapakuwa na akidi, kwa kuwa nilikuwa na mafua. (Mablanketi yanatoka kwenye nyumba za jirani. Mkuu wa Bandari analeta turubai la mashua. Watu thelathini, hakuna anayeuliza afanye nini.) Kikao cha nne... ndugu zangu, vikao vimeisha. Havikuwa kumi na tisa. Vilikuwa vinne na simu.

("Usinyamaze!" Gudny. Bado vioo viwili.)

Basi, ule mnara. Hazikuwa siku nne. Zilikuwa saa mbili tu, na meli ilikuwa moja, boti ya Torleif, na kwa ile honi alikuwa ananiambia nitoe tochi machoni mwake. ("Ndiyo hivyo," ananong'ona Torleif, vibanio vya nguo mdomoni.) Na mwalimu hakuniomba niende baharini. Aliniomba nirudi darasani, mara mbili alikuja hadi nyumbani.

(Kioo cha saba kinazibwa kwa gauni la Synnøve la kabla ya mimba. Gudny anaingia, anamlaza bintiye Ragnfrid kitandani na kumvua viatu. Anatoka, anafunga mlango polepole. Ndani, giza. Watu wote wanategea sikio. Mkoromo.)

(Kwa minong'ono.) Sasa kaulimbiu, tafadhali, bila kelele. Nikisema giza, mnasema kwa wote. Giza! ("Kwa wote," wananong'ona watu wawili, wengine tayari wanarudi kwenye vafeli.) Muuguzi! ("Nyamaza, Hallgeir.") Asiende! (Synnøve peke yake anaitikia, kwa moyo wote.)

Nawashukuru. Namshukuru kila mmoja aliyefanikisha Mradi Mkakati Shirikishi, mradi ambao, nasema kwa uwazi na uwajibikaji, haupo, na tangu Alhamisi nilijua haupo. ("Inatosha sasa, kaka," anasema Gudny. "Amelala. Njoo ule." Mwenyekiti anabaki amesimama juu ya kreti ya samaki.) Neno moja tu, dada, halafu nashuka. Ile tinti ina karatasi mbili zilizogandana, nyeusi na nyeupe. Nyeupe ni ya kubandua na kutupa. Mimi nilibandika nyeupe. Nyeusi yote, bunda zima, niliikunja vizuri, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaifunga kamba, nikaipandisha feri, ambayo siku hiyo iliondoka kwa wakati. Na maelekezo, ambayo niliwarudisha nyumbani msije mkaniomba niwasomee, nimeyafungua baadaye, nayo, ndugu zangu, yalikuwa ya picha tupu.