Majeruhi wa Mchana

Jumatatu, 9 Juni

Bosi Quách anataka kiwanda kizima cha viatu kifundishwe huduma ya kwanza. Atakayeandaa mafunzo vizuri atakuwa Mkuu wa Usalama, mwenye ofisi yake na feni yake! Nafasi ni yangu. Tatizo Thoa wa stoo naye anaitaka, na ameshamwita muuguzi. Muuguzi wa nini? Mimi nimetazama video.

Jumanne, 10 Juni

Muuguzi wa Thoa kaja na sanamu. Wafanyakazi wanaibonyeza kifua huku wakicheka, na wanajifunza! Inaniuma. Lakini sanamu haimshtui mtu. Kesho nitawaletea majeruhi mwenye uhai: mimi mwenyewe. Nitazimia katikati ya ofisi bila kumwambia yeyote. Bosi tu nimemwomba apite baada ya chakula cha mchana ajionee mpango wangu. Saa hiyo watu wote huwa ndani.

Jumatano, 11 Juni

Balaa! Nimemaliza wali, nikajibwaga chini kwa kishindo. Hakugeuka mtu. Nilisahau kwamba saa hiyo taa huzimwa na kila mtu hutandika mkeka chini ya meza yake, alale. Hata mimi hulala, tangu niajiriwe! Nikagumia. Dada Lựu wa uhasibu akanisukuma kwa mguu: "Kaka Khiêm, hebu sogea huko, unatuzibia feni." Nikagumia zaidi. Mmoja akanifunika shuka. Mwingine akanipaka mafuta ya kuchua puani, akasema ni upepo mbaya umeniingia, nilale utatoka. Hasira zilinipanda, lakini majeruhi hagombi. Nikafumba macho. Sakafu ilikuwa na ubaridi mzuri.

Bosi ndiye aliyeniamsha. Mashine zilikuwa zimeshaanza kunguruma. Aliuliza kama mpango wangu wenyewe ndio huo, kukoroma. Thoa alicheka mpaka akashika ukuta. Nilitamani ardhi inimeze.

Alhamisi, 12 Juni

Thoa ndiye Mkuu wa Usalama. Kwa majaribio tu, lakini feni ameshaiwasha. Ananipungia mkono kupitia dirishani, eti "Pole, kaka, umepumzika?" Shenzi!

Sikulala kwa kuwaza, na kosa nimeligundua. Sikuwa na damu! Nani atamhangaikia majeruhi asiye na damu? Nimenunua chupa kubwa ya pilipili nyekundu, ile kali. Nitajimwagia uso mzima, mpaka machoni. Kesho, mara tu baada ya chakula, wote wakiwa ndani.