Kidirisha Changu na Damu ya Mzee

Jumatatu, 3 Machi

Kiti cha dirishani kiko wazi! Mkuu wa kitengo chetu amestaafu, na Mzee, meneja wetu, katangaza kuwa atakikalia yule ambaye kazi yake itampendeza Matroni siku ya Ijumaa. Matroni ndiye mteja. Anataka programu ya kompyuta ya kubandikia karatasi za maelezo ya wagonjwa kwenye skrini: huyu asipewe chumvi, yule ageuzwe ubavu. Mimi nimepewa kidirisha cha kuhariri. Nesi anabofya karatasi, kidirisha kinafunguka, anasahihisha maneno, anachagua rangi, basi. Nikasema nitakimaliza kabla ya chai. Chai imepita. Ya jioni nayo.

Mpinzani wangu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Tunagawana meza. Yeye kapewa sehemu ya kutafuta. Kanishauri niweke visanduku vya rangi tu, bila majina, na kitufe cha "Sawa". Visanduku! Rangi isiyo na jina ni bubu. Na "Sawa" ni neno la wavivu. Sawa na nini? Nilimweleza haya kwa kirefu, nimesimama. Kumbe masikioni alikuwa na muziki.

Jumanne, 4 Machi

Sielewi watu hawa wanaishije. Nimeonyesha buluu, waipe jina. Karani kasema samawati. Mhasibu kasema rangi ya bahari. Dereva kasema hiyo ni kijani. Kijani! Nikaonyesha kijani chenyewe. Shemeji akauliza, kibichi au kikavu? Tukabishana mpaka Mzee akatoka ofisini kwake kuuliza nani kafiwa.

Nyumbani nikaweka kompyuta mbele ya mke wangu, nikamwonyesha ile nyekundu iliyokolea, inayokaribia weusi. Hakufikiri hata kidogo. Akasema hiyo ni damu ya mzee, kama gauni lake la harusi ya wifi yake, kwani mume wangu huna macho? Damu ya mzee! Jina kamili, halikuazimwa popote. Nimeliweka hapo hapo. Kisha akauliza kwa nini nisimwonyeshe kaka yake kwanza. Damu yao ni moja, hao.

Jumatano, 5 Machi

"Sawa" imezikwa. Rangi haisawazishwi, rangi humwagwa. Kitufe sasa kinasema "Mwaga". Na kwa kuwa vidole vya manesi huteleza, kidirisha kitauliza kwanza: Una hakika unataka kumwaga, kisha jina la rangi linajijaza lenyewe. Nimejaribu. Una hakika unataka kumwaga kijani? Safi. Una hakika unataka kumwaga kijivu? Safi zaidi. Sikuona haja ya kujaribu nyingine. Rangi ni rangi.

Balaa moja. Nikimwaga kijani kwenye karatasi moja, zote zinakuwa kijani. Nimezima, nimewasha. Kijani. Nimeisemesha kwa ukali. Kijani. Shemeji akapita na kikombe chake, akasema bila kuulizwa kwamba karatasi zote nimezipa utambulisho mmoja, shem, zitajitofautishaje? Nikamwambia ashike lake. Alipopinda kona nikaangalia. Nikarekebisha. Nikaenda kumwambia Mzee kwamba nimegundua jambo.

Alhamisi, 6 Machi

Njama imeiva. Damu ya mzee nimeiweka iwe ya kwanza kabisa, Matroni akutane nayo mlangoni. Ni rangi ya heshima. Na ili Shemeji asichungulie, nimefunga kazi yangu kwa nenosiri. Kisha nikalisahau. Asubuhi nzima nakisia. Nilidhani ni jina la mama mkwe, kumbe ni tusi.

Mama mkwe mwenyewe kapiga simu kuulizia kiti. Kasema anatuombea wote wawili. Najua mwanawe ndiye anayeombewa kwa sauti. Nikikikosa, kila tukienda kwake nitakalishwa karibu na mlango, nitumwe sokoni kama mgeni wa juzi. Mke wangu kasema tena, mwonyeshe kaka akukagulie. Nimesema hapana kwa herufi kubwa.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mzee alichelewa. Alipitia zahanati kwa Matroni kupima sukari, akaja na pamba imebandikwa mkononi. Akaketi mbele. Matroni akashika kipanya, akafungua kidirisha changu, akasahihisha maneno vizuri kabisa, akabofya "Mwaga". Kidirisha kikauliza. Matroni ni mtu wa kusoma kwa sauti.

"Una hakika unataka kumwaga damu ya mzee?"

Mzee akaitazama pamba yake.

Matroni akauliza mzee yupi. Nikamjibu, kwa nia njema, kwamba mzee yeyote tu, ila iwe imekolea. Mzee akasema kumbe kiti kinatafutwa kwa njia hizi. Nikarukia kipanya nibofye "Ghairi". Mkono ukateleza, ukabofya "Ndiyo". Skrini yote ikawa nyekundu, na ujumbe wangu wa mwisho, niliouandika kwa adabu, ukatokea: Tayari. Damu ya mzee imemwagika. Asante.

Shemeji alikuwa chini ya meza. Alisema anatafuta kalamu. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Jumatatu, 10 Machi

Shemeji yuko kwenye kiti cha dirishani. Mama mkwe kapika. Nilikaa karibu na mlango.

Mkuu mpya hana kinyongo, hilo ndilo linaloniudhi. Kasema kidirisha kibaki, ila niondoe swali, niweke visanduku na "Sawa", halafu, shem, kila utakachoandika nionyeshe kabla hakijatoka. Nimeitikia. Nimetafakari pia kwa kina nilipokosea. Nimepaona: wakati. Mzee asingetoka kupimwa damu siku ile, kiti kingekuwa changu.

Nimepewa kazi nyingine ndogo, kitufe cha kuondoa faili za wagonjwa waliopona. Shemeji kapendekeza "Futa". Futa! Kufuta ni kwa ubao. Hizi faili hazipotei, zinawekwa chini, na siku zikihitajika zinafukuliwa. Neno lake lipo, la asili, linangoja tu mtu jasiri. Nimeandika: Una hakika unataka kumzika, kisha jina la mgonjwa litajijaza lenyewe.

Shemeji sitamwonyesha. Matroni anakuja Ijumaa, na atakuja na wagonjwa wake waliopona, washuhudie wenyewe.