Konvoi Atafuta wa Kumtangulia Kigali

Habari iliyotibua baraza letu ililetwa na redio ya Aciro, mwuza chai wetu, ile inayoning'inia juu ya birika lake kando ya reli ya Namuwongo. Mtangazaji alieleza kwamba siku hizi watu hutalii nchi za nje wawili wawili, bila kiongozi wala kikundi, wakijipangia wenyewe pa kwenda na pa kulala. Wakati huo tulikuwa tukinywa chai ya tangawizi kwa utulivu unaowapasa watu wa umri wetu. Utulivu huo ukakoma papo hapo.

"Hiyo ndiyo mimi!" alisema Kamis, akasimama na chapati mkononi. "Jumamosi mimi na bibi yangu Rehemah tunaenda Kigali. Sisi mbili tu! Tiketi ya basi iko tayari."

Kamis aliendesha malori ya chakula cha msaada kwa muda mrefu wa maisha yake, daima katika msafara, na ndiyo sababu kijiweni tunamwita Konvoi.

"Bana! Kigali muko munaenda kuona nani?" aliuliza Kakule, mwuza vitenge kutoka Butembo, ambaye jina lake hapa ni Papaa Vitenge.

"Hakuna mtu. Tunaenda kuona mji."

"Mji uko mugonjwa?"

"Hapana."

"Kuko kilio?"

"Hapana, ssebo!"

"Sasa munaenda kuuangalia juu ya nini?"

"Papaa, wacha ushamba," Aciro alidakia huku akimimina chai. "Juzi wazungu walipita hapa wakapiga picha birika yangu. Hawakujua mtu. Hata birika hawakuisalimia."

Nilikohoa, nikauliza swali lililostahili kuulizwa mapema. "Kamis, huko ugenini ni nani atakayewaongoza?"

Kamis akaketi. Chapati ikashuka.

"Hedimasta, hapo ndipo iko shida. Rehemah anasema hataki mtu wa tatu. Anasema amekaa nyumbani miaka yote mimi nikizunguka, sasa nimuonyeshe mji mwenyewe. Leo ananipima. Nimpeleke kwa miguu mpaka juu ya Mbuya, bila kuuliza mtu. Nikipotea, kiti yangu ya basi anapewa dada yake Shakirah."

"Mbuya?" Aciro alielekeza upawa kwenye kilima. "Si ile pale? Unaiona!"

"Naiona. Lakini nani anakuwa mbele yangu?"

Tukatazamana.

"Konvoi," Kakule alisema taratibu, "Juba inafanana namna gani?"

"Juba ni ya kijani. Imebonyea chini, taa ya kushoto haiwaki."

"Ile ni matako ya lori!"

"Lori ya Santo. Ndiye alikuwa mbele yangu."

"Na Goma?"

"Turubai ya bluu."

"Na Mombasa? Bahari je?"

"Mombasa nilikuwa nyuma ya tangi. Harufu niliisikia."

"Banange!" Aciro akashika kichwa.

"Msinicheke! Nimefanya mazoezi. Jumatatu nilitoka hapa vizuri, naelekea Mbuya. Ikapita lori ya matoke. Nikajikuta soko la Nakawa."

"Ulifuata lori kwa miguu?" niliuliza.

"Kulikuwa jamu, Hedimasta. Mimi ndiye nilikuwa napunguza mwendo nisiigonge."

"Jumanne je?"

"Jumanne kulipita maziko. Magari yamejipanga mstari mmoja, taa zinawaka, hakuna wa kuovateki. Roho yangu ikatulia. Tulipofika kaburini wakaniambia niongee juu ya marehemu."

"Ukasema nini?"

"Nilisema alikuwa mtu wa kunyooka, hana haraka, na hakuna aliyempita njiani. Mjane akalia sana. Wamenialika kwenye kumbukumbu."

"Kumsifu maiti usiyemjua ni uongo," nilimwambia kwa ukali.

"Uongo wapi? Nilikuwa nyuma yake tangu Bugolobi!"

Niliona ni wajibu wangu kumwokoa kwa elimu. Mjukuu wangu Benedicte, anayesomea upimaji wa ardhi na ambaye hajapata kuwa wa pili darasani, alikuwa ameniwekea katika simu ramani inayozungumza. Nikaifungua. Ikatamka, kwa sauti ya kike iliyotulia, "Geuka kushoto." Kamis aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akaukagua mgongo wake.

"Anaongea vizuri. Lakini yeye mwenyewe yuko wapi? Hana taa za nyuma."

"Minapata akili!" Kakule aliruka. "Mimi nitatangulia mpaka Kigali. Nitajifanya sikujui. Hata ukipiga honi, sigeuki."

"Na usiku utalala wapi?" Aciro aliuliza.

"Mbele ya mlango wao, na tochi nyekundu mgongoni."

"Eh, nyabo Rehemah atafurahi! Fungate yenye taa ya breki!"

Hapo Rehemah akafika. Alikuwa amevaa kitenge cha njano chenye ndege wekundu.

"Hicho kimetoka kwangu!" Kakule alitangaza. "Hakichuji hata ukikichemsha!"

Rehemah alitusalimu sote kwa adabu, kisha akamgeukia mumewe. "Baba Siraje, twende."

Kamis alisimama, akavuta pumzi, akatazama kulia, akatazama kushoto. Mguu haukunyanyuka.

"Piga stata!" Aciro alimhimiza.

"Mbuya iko wapi?" Rehemah aliuliza.

"Iko mbele."

"Mbele ya nini?"

"Ya yule aliye mbele."

Rehemah akafumba macho. "Basi. Mbuya nitaiona peke yangu, na Kigali nitaiona na Shakirah!"

Akaondoka kwa hasira, ndege wekundu wakitikisika mgongoni. Ndipo uso wa Kamis ulipokunjuka. Alimwacha mkewe apate nafasi ya kutosha kwa usalama barabarani, kisha akang'oa nanga. Rehemah akasimama kupisha boda boda, Kamis akasimama. Rehemah akakwepa dimbwi, Kamis akakwepa dimbwi. Tuliwatazama mpaka njano ikapotea upande wa Bugolobi.

Walirudi kabla ya magharibi, Kamis akiwa wa pili.

"Kiti ni chake," Rehemah alisema, akichukua kikombe cha chai.

"Lakini nyabo," Aciro alishindwa kujizuia, "si wewe uliyeongoza?"

"Najua. Huko juu nilizunguka mti mmoja mpaka kizunguzungu kikanishika, kumjaribu tu. Akauzunguka na yeye." Akanywa kidogo. "Miaka yote nilikuwa nikiangalia mlango, hayupo. Leo kila nikigeuka, yupo. Shakirah atapanda basi lingine."

Aciro akammiminia Kamis chai.

Wiki iliyofuata walirejea kutoka Kigali. Rehemah alisimulia vilima, ngazi na barabara zilizofagiliwa hadi chai yake ikapoa. Kisha Kamis akatuonyesha picha katika simu. Katika kila picha mlikuwa na mgongo wa Rehemah, kwa umbali uleule, katikati kabisa.

"Kigali inafanana namna gani?" Kakule alimuuliza.

"Nzuri kupita Juba," alijibu Kamis kwa fahari. "Ya njano. Ina ndege wekundu."

Tulipokuwa tukiinuka kwenda majumbani, nilimwona akimvuta Kakule pembeni.

"Papaa, una kitenge cha rangi nyingine? Mwezi ujao anataka kuona Nairobi, na mimi sipendi kuchanganya miji."