Soketi Yenye Adabu

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Krrrrr. Pampu ya kisima cha Hulugho ikinyonya hewa. Niliisikia mwezi uliopita nikiwa kwa eeddo Raho, dada yake baba, na mpaka leo haijanitoka masikioni. Maji yalishuka, pampu ikaungua, na ofisini Garissa hatukujua lolote kwa siku mbili. Siku mbili! Mbuzi wa eeddo walilamba mabomba.

Leo Bi Barwaqo, mkuu wetu, ametangaza dawa. Kila kisima kitawekewa kisanduku cha kutuma kina cha maji kwenye seva yetu. Maktaba ya mtandao, yaani programu ya kuviunganisha, tunaiandika wenyewe, kwa lugha ya C. Kiolesura cha soketi, yaani zile amri ambazo mashine moja itazitumia kuzungumza na nyingine, kinabuniwa mara mbili: changu na cha Hanad, mwenzangu ofisini. Alhamisi kimoja kinachaguliwa. Aliyekibuni ataongoza mradi wa visima vyote.

Hanad! Mtu anayekula biskuti juu ya kibodi.

Jumanne, 9 Septemba

Nimechungulia kazi ya Hanad alipokwenda kuswali adhuhuri. Mimi nilichelewa kwa makusudi. Mola anisamehe, ni kwa ajili ya maji.

Amri nne. Fungua, tuma, pokea, funga. Basi! Kisanduku kinafungua mlango na kubwata papo hapo: mita kumi! Huyu kalelewa na nani? Kwetu mtu akitoka safari haulizwi habari kabla ya kuulizwa amani, watu, mifugo na mvua.

Changu kina amri kumi na moja. Saba ni za salamu. Sehemu za ndani nimezificha zote. Atakayekitumia anapewa kielekezi tu, na hana haja ya kujua kinaelekeza wapi. Nilimfikiria Hanad nilipoandika hivyo. Nitalala vizuri.

Jumatano, 10 Septemba

Majaribio. Asubuhi niliwasha seva, nikaandika salamu za kisanduku kwa mkono wangu. Seva ikajibu zote saba, kwa utulivu wa mtu mzima. Jioni niliwasha kisanduku, nikaandika salamu za seva. Kikajibu kwa unyenyekevu, kisha kikatoa kina cha maji. Karibu nilie. Kisha nikamtumia Kerrow, mhudumu wa pampu kule Hulugho, ambako kisanduku cha kwanza kimeshafungwa, programu zote mbili za visanduku, yangu na ya Hanad. Yangu ndiyo ianze.

Hanad alipita nyuma yangu. Akauliza kama nimeweka kikomo cha kusubiri, jibu lisipokuja. Nikamwambia mgeni hashikiwi saa. Akauliza mambo yakiharibika changu kinarudisha nini. Nikamjibu kuwa hakirudishi kosa lolote. Kinasubiri. Akatikisa kichwa. Wivu.

Alhamisi, 11 Septemba

Ukumbi ulijaa. Mbele kabisa Bi Barwaqo. Pembeni yake Mzee Nunow wa kamati ya maji ya Balambala, na Bishara wa masjala aliyekuja kwa ajili ya sambusa. Nikabonyeza kitufe.

Kimya.

Nikasema mtandao wa Hulugho uko mbali. Kimya. Chai ikaja. Simu ikalia. Ni Kerrow, na kila mtu alimsikia:

"Abaayo, dada yangu, hiki kisanduku chako kinawaka taa tu. Kinamngoja nani?"

Hapo nikaelewa. Seva niliiandika kama mkubwa, na mkubwa husalimiwa. Kisanduku nilikiandika kama mwenyeji, na mwenyeji husalimiwa na anayefika. Kila mmoja anamngoja mwenzake aanze! Jana, asubuhi na jioni, salamu nilizitoa mimi. Leo, kwa mara ya kwanza, sikuwa katikati yao.

Nikaeleza. Kosa kubwa. Mzee Nunow akauliza ni nani hasa anayefika. Bishara akasema ni kisanduku, kwa kuwa kinaleta habari. Mzee akamuuliza tangu lini kitu kilichofungwa kwa nati kwenye saruji kikawa msafiri. Bishara akasema basi na seva nayo iko kabatini, haijawahi kutoka hata kwenda sokoni. Wakabishana hadi chai ya pili.

Kerrow akachoka. Akateremsha kamba yenye jiwe kisimani, akapiga simu: mita tisa. Bi Barwaqo akaandika kwenye daftari, akanishukuru bila kunitazama.

Cha Hanad kilichukua sekunde mbili. Mita tisa. Mzee Nunow alikubali ni kweli, lakini akasema hakina adabu. Nimemwombea umri mrefu.

Hanad anaongoza mradi. Mimi nitaandika mwongozo wa kutumia amri zake nne. Kurasa ngapi hizo? Moja!

Jumatatu, 15 Septemba

Bi Barwaqo aliniita. Akasema kwa upole kuwa salamu ni za watu, maji ni ya kupimwa, na tangu Alhamisi cha Hanad hakijakosa kutuma hata mara moja. Nikaitikia. Hanad naye akaja, akanitaka niwe msaidizi wake, hata akajitolea kuweka salamu moja mwanzoni, isiyongoja jibu. Isiyongoja jibu! Hiyo ni kumpigia mtu honi.

Nimetafakari siku nne na sasa naliona kosa langu waziwazi. Salamu hazikuwa na tatizo. Pande mbili zisizojuana ziliachwa peke yao, bila msuluhishi. Nimeandika programu ya tatu, ya kukaa kati ya seva na kisanduku. Amri kumi na tisa. Kerrow aliuliza kama Bi Barwaqo anajua. Nikamwambia ni marekebisho madogo.

Ameiweka leo saa nne asubuhi, pamoja na ile yangu ya kisanduku, akafuta ya Hanad ili nafasi itoshe. Msuluhishi, kama inavyompasa, hasemi neno mpaka pande zote mbili ziwe zimesema.