Jani la Mpapai Dirishani

Jumatatu, 3 Juni
Maktaba itatundika picha za mimea zilizotengenezwa bila kamera. Unaponda mchicha, unapaka maji yake kwenye karatasi, unalaza jani juu, unafunika kwa kioo, unaanika. Jua linafuta rangi pembeni, chini ya jani kijani kinabaki. Kazi ya mtu aliyelala, yaani yangu. Mke wangu amesema picha yangu isiposifiwa na hata mtu mmoja, chumba cha uani anapewa mama yake na cherehani yake. Chumba changu! Nimekubali, kwa jeuri.

Ijumaa, 7 Juni
Siku nne juani. Nilikuwa nainua kioo kila saa kuchungulia, jani likahama. Mpapai wangu una vivuli vitatu. Nitasema ni upepo. Jirani, mwalimu mstaafu wa baiolojia, ametoa jani moja safi, hadi meno ya ukingoni yanahesabika. Akaniambia subira yavuta heri. Simpendi.

Jumamosi, 8 Juni
Dhuluma. Mwalimu kapewa dirisha kubwa, jua tele. Mimi ukutani kizani, karibu na choo. Nikamwambia mkutubi, kwa upole, kwamba mzee ana macho mabovu, mwanga unamtesa, niko tayari kujitoa mhanga. Akatubadilisha. Mwalimu alinishika mkono kwa mikono miwili, akasema Mungu anizidishie. Nilimwonea huruma kidogo. Watu wengine hawajui hata wanapoibiwa.

Alhamisi, 13 Juni
Ufunguzi. Karatasi yangu nyeupe pee. Hakuna mpapai, hakuna upepo. Wageni walisimama mbele yake, wakaniuliza choo kiko wapi, na huko wakamkuta mwalimu na jani lake la kijani. Hawakurudi. Niliumia, sikatai. Mwalimu akanieleza taratibu kuwa rangi ya mchicha huliwa na mwanga. Pale kizani alipaomba tangu mwanzo, mkutubi akakataa, eti mzee hawekwi chooni. Akanishukuru tena. Nyumbani mke wangu alichukua tepu akapima mlango wa chumba cha uani.

Jumatano, 19 Juni
Cherehani inalia tangu alfajiri. Mama mkwe ananiita mwanangu na kuniomba nibishe hodi. Nimeshagundua tatizo: mchicha wa sokoni umechoka. Nimetumia wa bustanini, jani limetoka zuri ajabu. Nimemwahidi mke wangu picha hii isipodumu mwezi, mama achukue na kabati langu la nguo. Nimeitundika barazani, upande wa mashariki, kila apitaye aione.