Kitenzi Kipya cha Idara ya Pembejeo

Wananchi wa Ihanja na vitongoji vyake wanatangaziwa kwamba Idara ya Pembejeo sasa ina kitenzi chake: defenestrate. Ni Kiingereza cha daraja la juu. Mkuu wetu, Bwana Mazengo, alikiokota kwenye semina, akakitamka mbele ya wageni, wakapiga makofi. Akaagiza kitekelezwe mara moja.

Maana yake hatukuijua, lakini kwetu utekelezaji haujawahi kusubiri maana. Iliundwa kamati, mimi nikiwa katibu, na dirisha la kugawia mbegu za alizeti likafungwa ili tufikiri kwa utulivu.

Mama Felista hakuelewa uzito wa jambo hili. Mvua ilishashika, shamba lake lilishalimwa, na kila asubuhi alikuja kutuvurugia kikao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mkuu yupo?"

"Yupo," nilimjibu, nikimwonyesha koti kwenye kiti chake. Kwa taratibu zetu, koti likiwepo, afisa yupo kazini.

"Koti ndilo litanipa mbegu, mwanangu? Wenzangu wameshapanda. Watoto watakula nini?"

Kusema kweli roho iliniuma. Nikamwomba asubiri.

Hatimaye tulimwita Mwalimu Noel wa sekondari. Akaeleza kuwa kwa Kilatini fenestra ni dirisha, na kitenzi hicho maana yake ni kumtupa mtu nje kupitia dirisha. Kilivuma tangu watu wa Praha, huko Ulaya, walipowachoka maofisa wa mfalme wakawarusha kutoka ghorofani.

"Walikufa?" aliuliza Amosi, mjumbe wa kamati, akisogea mbali na dirisha lililo wazi upande wa bustani.

"Walipona. Wanasema waliangukia samadi."

Mama Felista alikuwa mlangoni. "Na mkuu ameagiza kitekelezwe?"

"Mara moja," nikasema.

Akaingia hadi kwenye kiti. "Samahani, mkuu," akaliambia koti, akalirusha dirishani. Likatua kwenye samadi ya bustani.

Mchana wakaingia wakaguzi kutoka mkoani. "Mkuu yupo?"

Nikatazama kiti. Kitupu. "Hayupo."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua ya kwanza," akadakia Mama Felista.

Wakamkaimisha Amosi hapohapo. Akafungua dirisha la kugawia mbegu, na Mama Felista akawa wa kwanza kupata mbegu.

Bwana Mazengo alitokea kesho yake, koti likinuka, akapenya hadi dirishani. "Mimi ndiye mkuu!"

"Panga foleni, mzee," alisema Amosi bila kuinua macho.

Bibi mmoja mwenye gunia akamwomba asimsukume.